Nilipima DNA ya jina letu la Shirazi, na haya ndiyo yaliyotoka

Kwenye kitambulisho changu jina la mwisho ni Shirazi. Kwa Ami yangu ni hilo hilo, na kwa marehemu baba pia. Huko Mtwapa iko nyumba nyingine ya Mashirazi, ambao tangu nipate akili nimesikia wakitajwa kwetu kwa sauti ya chini: "Wale ni wa jina tu." Siku tulipomzika babu, wazee wawili wa nyumba hiyo walikuja kwetu Kibokoni, Mombasa, na kanzu zao nyeupe, wakakaa kwenye mkeka wa wafiwa. Mtu mmoja wa kwetu, simtaji, aliwaomba wahamie upande wa majirani. Wakahama bila neno. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, na nyuso zao hazijanitoka hadi leo.

Kwa hiyo nilipoamua kulipa pesa zangu kwa kipimo cha DNA, sikuwa natafuta kuambiwa mimi ni asilimia ngapi ya nini. Nilikuwa na swali moja: nyumba hizi mbili zina babu mmoja au hazina? Na la pili, ambalo kwangu lilikuwa dogo ila kwa wengine nyumbani lilikuwa ndilo kubwa: huyo babu alitoka Shiraz ya Uajemi?

Naandika kwa kirefu kwa sababu jamaa na majirani wananiuliza kila wiki ni bei gani, inachukua muda gani, na kama ni kweli. Kampuni siitaji kwa jina, kwani nina malalamiko nayo, na mengi ya mazuri na mabaya nitakayosema utayakuta hata ukienda kwa nyingine.

Jambo la kwanza, ambalo lilinipotezea wiki mbili: vipimo haviko sawa. Kile kinachotangazwa zaidi hupima DNA uliyochanganyiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Nusu ya mama, nusu ya baba, robo kwa kila babu na bibi, na kila kizazi ukirudi nyuma fungu linagawanyika tena. Kipimo hicho kinakupa ile ramani ya rangi na asilimia, na kinakuonyesha jamaa wa karibu. Kwa swali la jina la ukoo hakifai peke yake. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na jina limefuata mstari mmoja tu kati ya hizo zote.

Mstari huo, wa baba wa baba wa baba, una kipimo chake. Kromosomu Y, fungu la DNA walilo nalo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume ikiwa karibu haijabadilika, na hupita njia ile ile linayopita jina. Mimi ni mwanamke, sina. Ningejipima mimi ningepata mstari wa mama yangu, mama yake, na mama yake, ambao ni mstari mtukufu lakini jina la Shirazi halikupitia huko. Baba yangu amefariki, na ndugu wa kiume sina. Akabaki Ami, mdogo wake baba, mwenye miaka sabini na sita, anayekaa Kibokoni katika nyumba ile ile alimozaliwa.

Nilichagua kipimo cha alama 37, yaani kinachokagua mahali 37 kwenye kromosomu hiyo, dola 119 kwa mtu mmoja. Nilinunua viwili, kimoja cha Ami na kimoja cha Mtwapa, kabla hata sijajua kama Mtwapa watakubali. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa na ilipita mara ya kwanza. Kwa dola ya shilingi 129 ya wakati ule, vipimo pekee vilikuwa shilingi 30,702. Kuletewa ilikuwa dola 22 kwa vyote viwili. Kuvirudisha Marekani ni juu yako mwenyewe, na hapo ndipo mfuko unapotoboka: shilingi 7,400 kwa bahasha moja ya kampuni ya usafirishaji. Mimi kazi yangu ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nilidhani mambo ya vifurushi nayajua. Hata hivyo pakiti ilikaa siku tisa katika ofisi moja hapa mjini kwa sababu mtu alisoma neno DNA kwenye fomu akataka barua ya daktari. Nilikwenda mara tatu kueleza kwamba ndani mna vijiti na vichupa ambavyo havijatumika.

Fomu ya kujiandikisha mtandaoni inahitaji jina la kwanza na jina la ukoo, na haikubali kuacha pengo. Hapa nilisimama kidogo. Kwetu jina la ukoo ni jambo la juzi. Mtu alikuwa fulani bin fulani bin fulani, na nisba ikafuata nyuma pale ilipohitajika: wa Mtwapa, wa Pate, Shirazi. Nyumbani husimuliwa kwamba babu alipokwenda kuandikishwa kipande, karani alimwuliza jina la tatu, na yeye akataja nisba. Tangu siku hiyo likawa jina la familia, la vyeti vya shule na vya mauti. Uingereza majina ya ukoo yamekwenda kwa baba kwa mamia ya miaka, na ndiyo sababu mtaalamu Bryan Sykes wa Oxford alipowapima mwaka 2000 wanaume wenye jina lake la Sykes, karibu nusu yao walionekana kuwa na kromosomu Y ya babu mmoja. Huduma hizi zimejengwa juu ya majina ya namna hiyo. Nisba ina tabia nyingine. Inaweza kumfuata mtu kwa sababu ya mji aliotoka, au ukoo aliooa, au nyumba iliyomlea. Na jina la Shirazi hasa limebeba mengi: Unguja na Pemba watu kwa maelfu walijiita Washirazi kwa maana ya kwamba wao ni wenyeji wa visiwa, hadi mwaka 1957 chama kikubwa cha siasa kikaitwa Afro-Shirazi.

Fomu pia inauliza babu wa mbali zaidi unayemjua kwa upande wa baba. Nilimpigia Ami simu. Akanitajia majina saba bila kupumua, na la saba akaliongezea lakabu: Nahodha.

Kumshawishi Ami ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mate yangu haya yatanena nini ambalo babangu hakunena?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kuhusu mkeka wa siku ya mazishi, kwamba nilikuwa pale mlangoni. Alinitazama muda mrefu. "Ulikuwapo?" Kumbe miaka yote alidhani watoto hatukuona.

Sharti lake lilikuwa kwanza aulizwe shekhe wa msikiti wetu. Nilikwenda naye hadi mlangoni, na jibu alilotoka nalo lilinituliza hata mimi. Nasaba ya mtu katika sheria imefungwa na ndoa, mtoto ni wa kitanda, na hakuna kijiti cha Marekani kitakachomtoa mtu katika mirathi yake wala kumvua jina la baba yake. Ukitaka kujua undugu wa mbali ili uunge, ni kheri. Ukitaka kumvunjia mtu heshima, acha. Nawasihi wote wanaofikiria kipimo hiki wazungumze namna hiyo na wazee wao kabla ya kununua chochote. Kipimo cha Y kinaweza kuonyesha kwamba mahali fulani, kizazi fulani, baba wa kulea na baba wa damu walikuwa watu wawili. Hilo likishatoka halirudi ndani.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Tulikaa barazani baada ya Alasiri. Maagizo yana picha, na yanasema usile wala usinywe kwa saa moja kabla yake. Muuza kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe, kama apitavyo kila siku wakati huo, na Ami, ambaye hajawahi kumwacha apite, akainua mkono kumwambia baadaye. Nikampa kijiti. Kina ncha kama brashi ndogo ya plastiki. Akasugua ndani ya shavu la kulia, nikihesabu sekunde kwa sauti, akakishika kijiti juu kukitazama kwenye mwanga. "Basi ndiyo hiyo? Nasaba yangu yote?" Nikakata ncha ikaanguka ndani ya kichupa chenye maji kidogo, nikafunga. Kijiti cha pili shavu la kushoto. Dakika tano, haikuzidi.

Mtwapa nilikwenda peke yangu. Kati ya wale wazee wawili mmoja ameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki ana miaka themanini na kitu na anakaa karibu na mto wa bahari, upande wa kuelekea magofu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," nikamweleza mimi ni mtoto wa nani. Alinikaribisha kwa mahamri na chai ya maziwa. Nilieleza kila kitu, pamoja na mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na ikitoka si ndugu?" Nikamwambia nitarudi kumwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa simu. Akafungua kinywa.

Sasa malalamiko. Baada ya wiki tano barua pepe ilikuja: sampuli ya Mtwapa imefaa, ya Ami haikutosha. Kwa mtu mzee hutokea, walisema, seli huwa chache. Wakanitumia pakiti mpya bila malipo, na kwa hilo nawashukuru, lakini gharama ya kuirudisha ikawa yangu tena, shilingi 7,400 nyingine. Naona si haki. Mtu wa Texas anatupa bahasha sandukuni, na mtu wa Mombasa analipa karibu nusu ya bei ya kipimo kila wanapokosa. Walinijibu kwa adabu, ndani ya siku tatu, kwamba ndio utaratibu. Jumla yangu ilifika shilingi 48,340.

Pakiti ya pili ilifika katikati ya Ramadhani. Ami hakutaka kitu kinywani mchana, na jioni baada ya futari kinywa hakikai saa moja bila kahawa, bila tende, bila kaimati za jirani. Tukafanya saa tisa usiku kabla ya daku. Nililala kwake. Aliamka mwenyewe kabla ya kengele yangu, akaniita, "Ndoo, tumalize." Safari hii alisugua kwa nguvu kama anayepiga mswaki.

Ramadhani hiyo hiyo, Machi 2025, kampuni ya 23andMe ya Marekani, mojawapo ya kubwa kabisa katika biashara hii, iliomba ulinzi wa mufilisi mahakamani, na watu mamilioni wakabaki wanajiuliza DNA yao itauzwa kwa nani. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walikuwa wameshafikia taarifa za wateja wake wapatao milioni 6.9. Mimi sikuwa mteja wao, lakini nilikosa usingizi. DNA ya Ami ni ya wanawe pia, na ya wajukuu ambao hawakuulizwa. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu data ya vinasaba kuwa data nyeti, lakini sampuli ikishavuka bahari imevuka. Niliingia kwenye akaunti usiku ule ule, nikazima ruhusa ya utafiti, nikazima ruhusa ya vyombo vya usalama kulinganisha, nikaomba sampuli ziteketezwe kipimo kikimalizika. Vitufe hivyo vipo, ila vimefichwa ndani ya kurasa tatu za Kiingereza kizito. Hakuna Kiswahili popote. Mzee anayetaka kujipima bila mjukuu wa kumsomea hawezi kutoa ridhaa ya kweli, na hili mimi naliona ni dosari kubwa kuliko ile ya posta.

Majibu yalikuja Juni. Niko kazini, foleni ya malori nje, nikafungua kwenye simu.

Ukurasa wa kwanza ulisema haplogrupu ya Ami ni E-M2. Haplogrupu ni kama shina la mti wa mababa: wote walio chini yake wana babu mmoja wa kale sana. E-M2 ndilo shina la wanaume wengi wa Afrika kusini ya Sahara, na kusambaa kwake kunahusishwa na safari ndefu ya Wabantu walioanza kutoka mpakani mwa Nijeria na Kamerun miaka elfu nne, elfu tano iliyopita. Mstari wa baba wa baba zetu ni wa bara hili. Kwa Shiraz ningetarajia shina kama J2 au mojawapo ya yale yanayopatikana sana Uajemi. Haikuwa hivyo.

Nikashuka chini kwenye orodha ya watu wanaolingana. Kwenye alama 12 za kwanza walikuwa mamia, karibu wote Wamarekani weusi, na majina yao ya ukoo ni ya Kiingereza na Kiskoti. Kwenye 25 wakabaki wachache. Kwenye 37 alibaki mmoja. Nilisoma jina nililoliandika mimi mwenyewe kwenye fomu, la Mzee wa Mtwapa. Alama 36 kati ya 37.

Niruhusuni nieleze hili la alama, kwa sababu ndilo nililolilipia. Kila alama ni mahali kwenye kromosomu ambapo herufi fulani za DNA zinajirudia, na kipimo kinahesabu zimejirudia mara ngapi. Baba humrithisha mwana hesabu ile ile, isipokuwa mara moja moja, kwa bahati, hesabu hupanda au kushuka kwa moja. Niliziandika za wazee hawa wawili kwenye karatasi, safu mbili, nikapitisha rula mstari kwa mstari. Sawa, sawa, sawa, hadi alama iitwayo DYS576: Ami 15, Mzee 16. Kisha sawa hadi mwisho. Na DYS576 inajulikana kuwa ni mojawapo ya zinazobadilika upesi. Wanaume wawili wenye jina moja, wa pwani moja, waliotofautiana kwa hatua moja katika 37: wana babu mmoja wa upande wa baba, na si wa zamani za kale. Kipimo hakisemi ni babu yupi, wala cha alama 37 hakiwezi kusema ni kizazi cha tano au cha nane. Lakini wale hawakuwa wa jina tu.

Nilitoka nje nikasimama kati ya malori nikalia.

Kuhusu wale wa alama 12, tahadhari moja. Mzee mmoja wa Georgia, Marekani, aliniandikia siku ya pili, barua ndefu ya upole, akiniuliza kijiji chetu kinaitwaje na kama tuna habari za mtu aliyechukuliwa utumwani. Nilijibu kwa moyo mzito. Kulingana kwenye alama 12 ndani ya shina kubwa kama E-M2 kunaweza kuwa ni undugu wa maelfu ya miaka, na kampuni haimwambii hivyo kwa herufi kubwa za kutosha. Inamwonyesha jina na anwani ya pepe, na moyo wake unafanya yaliyobaki. Tunaandikiana hadi leo. Nimemweleza apande hadi alama 111 kabla ya kuweka tumaini kwa mtu yeyote.

Ramani ya kampuni sikuipenda. Ilipaka rangi moja kutoka Senegali hadi Msumbiji, na kipini chetu kikasimama peke yake Mombasa. Sababu ni kwamba watu wa pwani yetu waliojipima ni wachache mno, na kulinganisha kunategemea waliomo. Nisingempelekea Mzee wa Mtwapa kijiti mimi mwenyewe, ukurasa ule wa alama 37 ungekuwa mtupu, na ningekaa nikiamini kwamba hatuna mtu. Kwa hiyo kwa yeyote wa huku: ukinunua kimoja utapata jina la shina tu. Nunua viwili, na uwe unajua cha pili ni cha nani.

Ami nilimpa habari usiku huo. Nilianza na Mtwapa. Akafumba macho akasema Alhamdulillahi, mara tatu. Kisha nikamwambia la E-M2, nikiwa na hofu, kwa kuwa kuna watu katika ukoo wetu ambao jina hili wamelivaa kama joho. Akacheka. "Na mamaye babangu? Na nyanyake? Hao mumewapima?"

Na yuko sawa kabisa. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani yetu kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Mtwapa ni mojawapo ya miji hiyo, na miongoni mwa watafiti ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyechimba magofu yale yale ninayoyapita nikienda kwa Mzee. Wengi katika wale waliozikwa walikuwa na zaidi ya nusu ya DNA yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na fungu kubwa kutoka Asia, ambalo kabla ya 1500 lilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Masimulizi ya Kilwa kuhusu Washirazi waliotoka Uajemi, ambayo wasomi walikuwa wameshaanza kuyaita hadithi tupu, yakapata ushahidi. Basi Mwajemi anaweza kabisa kuwa katika nasaba yetu, ameingia kupitia binti, na jina likaja na nyumba ya binti huyo. Katika miji yetu ya mawe nyumba zilikuwa za mabinti. Mume alihamia kwa mke. Kijana wa Kiafrika aliyeoa ndani ya nyumba ya Mashirazi, wanawe wangeitwa nani? Hili silijui kwa hakika ya kipimo. Nalifikiria tu, na ningependa siku moja kulipima kwa kipimo cha mchanganyiko, nikipata pesa na ridhaa.

Ijumaa iliyofuata tulivuka Nyali na Ami mbele ya matatu, bahasha mapajani. Mzee alitusubiri nje, kitini. Nilianza, "Shikamoo, Mzee," akanikatiza: "Mzee wa nani? Nami ni Ami yako, karatasi hujaisoma?" Alikuwa ameshaambiwa. Nilikuwa nimetimiza ahadi, nilikwenda siku ya pili ya majibu, kwa mdomo wangu.

Waliandikisha majina. Ami saba, Mzee manane, mimi nikiandika. La saba la Ami na la nane la Mzee lilikuwa jina moja, na wote wawili wakamwita Nahodha. Hawakushangaa. Kumbe pande zote mbili zilijua hilo tangu zamani, ila kila upande ulisema manahodha wa jina lile pwani hii walikuwa wengi. Kuanzia hapo wakasahau kwamba nipo, wakabishana hadi Alasiri kama chombo chake kilikuwa jahazi au mtepe, na nani alipewa shamba la minazi.

Kwa wanaouliza kama ningelipa tena: ndiyo, kwa swali kama langu, la nyumba mbili na jina moja. Kwa swali la "asili yetu ni wapi" peke yake, singetoa shilingi 48,340. Ningeanza na majina ya wazee na daftari la shilingi hamsini. Kipimo kikubwa zaidi cha Y, kinachosoma sehemu kubwa zaidi ya kromosomu na kukisia ni vizazi vingapi vimepita, kilikuwa zaidi ya dola 400. Ami wa Mtwapa anataka tuchange. Ami wa Kibokoni anasema yeye ameshashiba.

Hitima ya babu mwaka huu ilisomwa nyumbani Kibokoni. Wa Mtwapa walikuja kumi na wanne, na Ami alimshika mkono mkubwa wao, yule Mzee, akamkalisha kando yake. Yule aliyewahamisha siku ile hakuja. Nimemwachia mkewe nakala ya karatasi ya safu mbili, na alama ya DYS576 nimeizungushia wino mwekundu.